Sayansi ya majengo kwa mafundi wa Bonde la Kilombero: mwongozo wa mafunzo

Sayansi ya majengo ni elimu inayoeleza jinsi maji, joto na hewa vinavyoingia, kukaa na kutoka katika nyumba, na jinsi msingi, ukuta, dirisha na paa vinavyoweza kuvizuia au kuvipa njia. Fundi mwashi hufundishwa kupanga tofali. Sayansi hii humweleza kwa nini tofali la tanuri lile lile hubaki kavu katika nyumba moja na kumomonyoka katika nyumba ya jirani. Seremala hufundishwa kuunga kenchi. Sayansi hii humweleza kwa nini chumba kilicho chini ya kenchi hizo hakilaliki mwezi wa Novemba.

Katika Bonde la Kilombero elimu hiyo ina sehemu moja zaidi, nayo ni mbu. Nyumba ya Ifakara, Mang'ula, Lupiro au Mlimba hupimwa usiku, chumbani: je, wanaolala humo wako mahali pakavu, wanapata hewa, na hawaumwi? Masharti hayo matatu hugongana. Mwenye nyumba akiziba mianya yote kwa ajili ya mbu, joto hupanda. Akifungua kwa ajili ya hewa, mbu huingia. Akinyanyua sakafu kukwepa maji bila kurefusha ukuta, paa hushuka karibu na vichwa vya watu na chumba huwa na joto zaidi. Kwa hiyo mafunzo ya bondeni yamfundishe fundi kuiona nyumba kama kitu kimoja, ili kila anapotatua tatizo moja ajue linalofuata.

Mazingira ambayo mafunzo yanaanzia

Ifakara iko takriban nyuzi 8 kusini mwa ikweta, katika tambarare iliyo chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari. Upande mmoja wa bonde inasimama Milima ya Udzungwa, upande wa pili nyanda za juu za Mahenge. Mvua ya mwaka kwa kawaida ni kati ya milimita 1,200 na 1,800: za vuli huanza Novemba, na masika huwa kati ya Machi na Mei. Mto Kilombero na vijito vinavyoulisha hufurika karibu kila masika, na mwaka 2002 uwanda huo uliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Maji hayo hayo yanayostawisha mpunga ndiyo yanayotafuna misingi ya nyumba. Mwaka 2024 Mto Lumemo ulipofurika, maji yaliingia hadi kwenye makazi ya mji wa Ifakara.

Udongo haufanani. Karibu na kingo za mito kuna mchanga mzuri wa kujengea. Kwenye mbuga kuna mfinyanzi mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Kati ya hapo kuna udongo wa kufyatulia tofali, unaochomwa kwa kuni na, panapokobolewa mpunga, kwa pumba.

Ujenzi wenyewe umebadilika. Nyumba za fito zilizokandikwa udongo na kuezekwa nyasi zinapungua. Za tofali za kuchoma na mabati zinaongezeka. Mabadiliko hayo yana faida kubwa kwa uimara, lakini yamekuja na matatizo ambayo nyumba ya nyasi haikuwa nayo, hasa joto la bati. Fundi aliyejifunza kwa kumtazama mzee wake akikandika na kuezeka nyasi hakuona paa la bati likifanya kazi, na hapo ndipo mafunzo yanapohitajika.

Somo la kwanza: maji yanayopanda kutoka ardhini

Tofali na chokaa ya saruji vina matundu madogo sana. Maji hupanda ndani ya matundu hayo yenyewe, bila kusukumwa, na kadiri tundu linavyokuwa jembamba ndivyo maji yanavyopanda juu zaidi. Ukutani dalili yake ni mstari wa unyevu usawa wa magoti, rangi inayobanduka, na unga mweupe wa chumvi unaobaki maji yanapokauka. Watu wengi huupiga ukuta huo plasta upya kila mwaka. Plasta mpya huficha unyevu kwa miezi michache, kisha huanguka, kwa sababu chanzo kiko chini.

Somo hili hufundishwa kwa jaribio. Mkufunzi huchukua beseni, hutia maji ya kimo cha sentimita 2, na husimamisha humo tofali la kuchoma, tofali la saruji na mchanga, na tofali la udongo uliochanganywa na saruji. Kila baada ya saa moja wanafunzi huchora mstari wa penseli pale unyevu ulipofika na kuandika saa kando yake. Kisha hupangwa tofali mbili mbili za kuchoma, moja juu ya nyingine: jozi ya kwanza imeunganishwa kwa chokaa ya saruji tu, jozi ya pili ina kipande cha nailoni nzito katikati. Katika jozi ya kwanza maji huvuka kiungo na kuendelea kupanda. Katika jozi ya pili tofali la juu hubaki kavu. Mwishoni huwekwa tofali bichi, nalo huvimba, hulainika na kuporomoka ndani ya beseni mbele ya macho ya wote. Aliyeona jaribio hili haulizi tena kwa nini karatasi ya kuzuia unyevu, ambayo mafundi huiita DPC, iwekwe, hata mwenye nyumba akitaka kuiruka ili kubana matumizi.

Karatasi hiyo ilazwe juu ya msingi, angalau sentimita 15 juu ya ardhi iliyokamilika, ipite upana wote wa ukuta, na vipande vipishane kwa sentimita 15 au zaidi. Iungane na nailoni iliyotandazwa chini ya jamvi. Kosa linaloonekana mara nyingi hutokea baada ya nyumba kukamilika: udongo wa bustani au zege ya baraza hupandishwa hadi juu ya mstari wa DPC, na maji hupata njia ya kuizunguka. Mwanafunzi afundishwe kuutafuta mstari huo katika kila nyumba anayoikagua.

Somo la pili: mvua na mafuriko

Hesabu moja hutosha kuonyesha uzito wa somo hili. Paa linalofunika mita za mraba 60, mahali penye mvua ya milimita 1,400 kwa mwaka, hupokea takriban lita 84,000. Paa lisipokuwa na gata, maji yote hayo huanguka mguuni pa ukuta. Hurusha matope ukutani, huchimba mfereji kando ya msingi na kuloweka udongo ulioubeba. Nyumba nyingi za zamani bondeni zinaonyesha misingi iliyobaki wazi, udongo ukiwa umechukuliwa kwa kimo cha kozi mbili au tatu.

Kinga yake ni ya hatua nne: paa litokeze vya kutosha nje ya ukuta, gata lipeleke maji kwenye tangi au mtaro, kuzunguka nyumba kuwe na kibaraza cha zege au mawe chenye upana wa nusu mita au zaidi, kikiinama kuelekea nje, na kiwanja chote kielekeze maji mbali na nyumba. Tangi la maji lifunikwe kwa wavu, kwa kuwa tangi lililo wazi huzalisha mbu mlangoni.

Kabla ya kukubali kiwanja, fundi atafute alama ya maji ya mafuriko. Alama hiyo huonekana kwenye kuta za majirani, kwenye magome ya miti na katika kumbukumbu za wazee wa mtaa. Sakafu ijengwe juu ya alama ya juu kabisa iliyokumbukwa, na kama kimo hicho hakiwezekani kwa fedha zilizopo, mwenye nyumba aelezwe waziwazi kabla ya kuchimba msingi. Ujazaji wa chini ya jamvi ushindiliwe kwa matabaka yasiyozidi sentimita 15, kila tabaka likiwa na unyevu wa kutosha kushikamana. Kifusi kilichomwagwa kwa pamoja na kushindiliwa juu tu hutitia baadaye, na jamvi hupasuka.

Kwenye mfinyanzi mweusi tatizo ni mwendo wa udongo wenyewe. Nyufa zinazoanzia pembe ya dirisha na kushuka kwa ngazi kufuata viungo vya tofali zinaonyesha kuwa sehemu moja ya msingi imepanda au imeshuka kuliko nyingine. Hapo msingi uende chini zaidi, mahali ambapo udongo haubadiliki sana kati ya kiangazi na masika. Uwekewe nondo, na juu ya ukuta kuwe na lenta inayozunguka nyumba nzima bila kukatika. Mti mkubwa usipandwe karibu na ukuta, kwa sababu mizizi yake hunyonya maji ya upande mmoja tu.

Somo la tatu: jua na joto

Kwa kuwa Ifakara iko nyuzi 8 kusini, jua la mchana hupita kaskazini kuanzia mapema Machi hadi katikati ya Oktoba, na kusini katika miezi iliyobaki. Mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba hupita karibu kabisa juu ya kichwa. Wanafunzi waweza kuthibitisha hayo kwa kijiti cha mita 1 kilichosimamishwa wima kwa timazi. Jua hufikia kilele cha siku karibu saa 6 na nusu mchana, si saa 6 kamili, kwa kuwa saa ya Afrika Mashariki inafuata mstari ulio mashariki zaidi ya Ifakara. Mwezi Juni, wakati huo, kivuli cha kijiti huwa na urefu wa takriban sentimita 61 kuelekea kusini. Mwezi Desemba huwa takriban sentimita 27 kuelekea kaskazini.

Vipimo hivyo viwili ndivyo vinavyotoa upana wa paa la nje. Ukuta wa kaskazini wenye dirisha ambalo kizingiti chake cha chini kiko mita 1.2 chini ya ukingo wa paa unahitaji paa litokeze sentimita 73 hivi ili dirisha lote liwe kivulini mchana wa Juni. Ukuta wa kusini unahitaji sentimita 33 hivi kwa Desemba, lakini kwa ajili ya mvua ni vema usipungue sentimita 60. Kuta za mashariki na magharibi hazisaidiki kwa njia hiyo, kwa sababu jua la asubuhi na jioni huja chini na kupita chini ya paa. Kwa hiyo nyumba ielekezwe marefu yake mashariki na magharibi, kuta fupi zipokee jua hilo, na upande wa magharibi uwekwe baraza, stoo au kivuli cha mti ulio mbali kiasi na msingi. Chumba cha kulala kisipangwe magharibi. Ukuta wa tofali wenye unene wa sentimita 23 hupokea joto mchana na kulitoa ndani saa kadhaa baadaye, yaani wakati watu wanapolala.

Bati lina tabia nyingine. Hupata joto haraka, na chini ya jua la mchana uso wake huweza kupita nyuzi 60. Kutoka hapo hulimulika joto moja kwa moja juu ya watu, hata hewa ya chumba ikiwa bado ya wastani. Njia za kupunguza joto hilo ni tatu, na kila moja ina nafasi yake. Ya kwanza ni rangi nyeupe au nyepesi juu ya bati, inayorudisha sehemu kubwa ya mwanga. Ya pili ni dari, inayokata mmuliko huo kati ya bati na kitanda. Ya tatu ni kupitisha hewa kati ya bati na dari, kwa mianya yenye wavu pande mbili za paa, ili joto lisikae juu. Dari isiyopitisha hewa kwa juu hupoteza sehemu ya faida yake.

Joto si suala la raha peke yake. Katika chumba chenye joto kali watu huacha kutumia chandarua au hulala nje ya baraza, na huko mbu huwapata. Fundi anayepunguza joto chumbani anaongeza muda ambao chandarua kinafanya kazi.

Somo la nne: hewa na mbu

Utafiti wa magonjwa ya tropiki umefanyika Ifakara tangu mwaka 1949, Rudolf Geigy wa Taasisi ya Uswisi ya Tiba za Tropiki alipofika huko, na mwaka 1956 maabara yake ya uwandani ilianzishwa. Maabara hiyo ndiyo chimbuko la Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Kwa sababu hiyo mafundi wa bonde wako karibu na maarifa kuhusu nyumba na mbu kuliko mafundi wa sehemu nyingi za Afrika, na mafunzo yatumie nafasi hiyo.

Jambo la kwanza ambalo utafiti umethibitisha ni njia ya mbu. Mbu wa malaria, aitwaye anofelesi, anayefuata harufu na pumzi ya mtu akigonga ukuta hupanda juu kuufuata, na huingia kwenye uwazi ulio kati ya ukuta na paa. Uwazi huo, ambao fundi wa zamani aliuacha ili moshi na joto vitoke, ndio mlango mkuu wa mbu wa malaria. Nchini Gambia, jaribio lililochapishwa mwaka 2009 lilionyesha kuwa nyumba zilizowekewa wavu milangoni na madirishani na kuzibwa uwazi wa juu zilikuwa na mbu wa malaria wachache kwa asilimia 59, na nyumba zilizowekewa dari ya wavu tu kwa asilimia 47. Watoto waliokuwa na upungufu mkubwa wa damu walikuwa wachache katika makundi yote mawili. Mkoani Mtwara, nyumba 110 za ghorofa moja juu, vyumba vya kulala vikiwa juu na kuta zikipitisha hewa, zimejengwa vijijini ili kupima kama nyumba yenyewe yaweza kupunguza maradhi ya watoto. Katika Kilombero na Ulanga, watafiti wa Ifakara walieleza mwaka 2018 jinsi mianya ya nyumba inavyohusiana na idadi ya mbu ndani, na kwamba wananchi wanaifahamu hatari hiyo. Kikwazo chao ni gharama.

Uwazi wa juu wa ukuta huzibwa kwa njia mbili. Kwa njia ya kwanza tofali na chokaa ya saruji hupandishwa hadi kugusa bati. Njia hii ina kasoro mbili. Migongo ya bati huacha mianya midogo mingi inayojazwa chokaa, na bati lenye urefu wa mita 3 hurefuka kwa zaidi ya milimita 1 joto lake linapoongezeka kwa nyuzi 40. Kila siku bati husogea, chokaa hupasuka, na baada ya msimu mmoja mianya hurudi. Pia hewa ya juu haina pa kutokea. Kwa njia ya pili ukuta humalizikia chini ya papi na uwazi hufunikwa kwa wavu wenye matundu yasiyozidi milimita 1.5, ukibanwa kwa vipande vya mbao juu na chini, ukiachwa na ulegevu kidogo ili ufuate mwendo wa bati. Hewa hupita, mbu hawapiti. Kwa nyumba nyingi za bonde njia ya pili ndiyo bora.

Wavu hupunguza upepo, kwa hiyo dirisha lenye wavu liwe kubwa kuliko lile ambalo lingetosha bila wavu, na kila chumba kiwe na matundu pande mbili. Dirisha moja peke yake haliingizi upepo ikiwa upepo hauna pa kutokea. Hili huonyeshwa kwa moshi: dawa ya mbu ya kuchoma huwekwa katikati ya chumba, na wanafunzi hutazama moshi ukielekea wapi dirisha la pili linapofungwa na kufunguliwa.

Kwa ukaguzi wa mianya, kipimo bora ni giza. Mchana wa jua kali fundi aingie ndani, afunge mlango na madirisha, azibe wavu kwa kitambaa kizito, kisha asubiri macho yazoee. Kila mahali mwanga unapopenya ni mahali pa kukagua: chini ya mlango, kwenye bawaba, pembeni mwa fremu, kwenye migongo ya bati, kwenye tundu la waya wa umeme. Panapopita kijiti cha kiberiti, mbu anapita. Mara nyingi giza hilo humwonyesha fundi kuwa mlango alioufunga kwa uangalifu una mwanya wa kidole kwa chini, na wavu wote wa madirishani umepoteza nusu ya kazi yake.

Nyumba zisizoweza kuzibwa kwa sasa, kama vibanda vya mashambani vinavyotumiwa wakati wa kulinda mpunga, zina njia nyingine. Watafiti wa Ifakara wamejaribu tepe za katani zilizowekwa dawa ya transfluthrini, zinazofungwa kwenye uwazi wa paa na kuwafukuza mbu. Fundi azijue, lakini asizichukue kuwa badala ya ujenzi mzuri.

Somo la tano: vifaa

Sayansi yote iliyotangulia hupotea vifaa vikiwa vibovu, na vipimo vingi vya vifaa havihitaji maabara. Mchanga hutiwa katika chupa ya plastiki hadi nusu, huongezwa maji na chumvi kidogo, hutikiswa na kuachwa masaa matatu. Tope linaloketi juu lisizidi takriban asilimia 8 ya kimo cha mchanga. Likizidi, mchanga uoshwe au uachwe. Tofali la kuchoma likigongwa na jingine litoe mlio mkali, likidondoshwa kutoka kimo cha mita 1 lisivunjike, na likivunjwa kwa makusudi rangi iwe moja hadi katikati. Moyo mweusi au wa udongo mbichi unaonyesha moto haukufika.

Katika zege, maji ndiyo yanayoamua nguvu kuliko kitu kingine chochote. Kwa mfuko wa saruji wa kilo 50, lita 25 hadi 30 zinatosha, zikihesabiwa pamoja na maji yaliyo ndani ya mchanga uliolowa. Vibarua huongeza maji ili zege iwe rahisi kumwaga. Maji ya ziada hukauka na kuacha matundu, na nondo huanza kushika kutu humo. Baada ya kumwagwa, zege imwagiliwe na kufunikwa kwa siku 7 angalau. Nguvu inayokusudiwa hupimwa siku ya 28.

Mbao ndizo zinazounganisha somo la vifaa na somo la mbu. Mbao iliyopasuliwa juzi ikitengenezwa mlango leo husinyaa kiangazi, na mwanya hufunguka pembeni. Mbao ikaushwe kwa kupangwa kivulini na vijiti kati ya kila tabaka. Msaji, unaopandwa bondeni na Kampuni ya Msaji ya Bonde la Kilombero tangu miaka ya 1990, hustahimili mchwa, ingawa bei yake ni kubwa. Mbao laini za msindano za kenchi ziwe zimepigwa dawa, na zinapokatwa eneo la ujenzi ncha zake zipakwe dawa tena.

Kwa udongo usiofaa kuchomwa, au mahali ambapo kuni ni haba, tofali za kufungamana za udongo na saruji ni njia nzuri. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA, ulioundwa mwaka 2001 kuendeleza kazi ya kitengo cha utafiti wa majengo cha miaka ya 1970, umeeneza mashine za mkono za kufyatulia tofali hizo na kufundisha vikundi vya vijana. Tofali hizo zitunzwe na unyevu kwa wiki moja hadi mbili kabla ya kujengewa. Zikikaushwa juani siku ya kwanza, saruji iliyomo hupotea bure.

Kupanga kozi

Kozi ya mafundi walio kazini ipangwe kwa kalenda ya bonde. Mpunga huvunwa kati ya Mei na Julai, na fedha za mavuno huanzisha ujenzi wa kiangazi. Kozi inayofaa huwa na awamu mbili. Ya kwanza, ya wiki mbili, ifanyike Juni au Julai kwenye jengo halisi linaloanza: asubuhi nadharia na majaribio, mchana kazi. Ya pili, ya siku tatu au nne, ifanyike Aprili mvua zikiwa juu, mafundi wakirudi kwenye jengo lile lile kuangalia maji yanapokwenda, dari inavyovuja na mbu wanavyoingia. Kozi isiyokuwa na awamu ya masika humwacha fundi bila kuona matokeo ya kazi yake.

Darasa lisizidi watu 15 au 20 kwa mkufunzi mmoja, na liwe na waashi, maseremala na mafundi umeme pamoja. Mianya mingi hutokea pale kazi ya fundi mmoja inapokutana na ya mwingine: seremala akiweka fremu kabla ya plasta, fundi umeme akitoboa dari iliyokwisha kuzibwa. Mtaalamu wa mbu kutoka taasisi ya utafiti na afisa afya wa kata waalikwe siku ya somo la nne. Usalama uingie kila siku: jukwaa imara, kofia ngumu, na kingo za mtaro wa msingi zinazozuiwa kuporomoka.

Njia rasmi za vyeti

Fundi anayetaka cheti ana milango kadhaa. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, hutoa mafunzo ya uashi, useremala, bomba na umeme katika ngazi ya I, II na III. Katika Mkoa wa Morogoro vyuo vyake ni pamoja na vya Kihonda, Dakawa na Mikumi. Fundi aliyefanya kazi miaka mingi bila kusoma anaweza kuomba urasimishaji wa ujuzi: hupimwa kwa kazi anayoifanya, huelekezwa panapopungua, na hupewa cheti bila kuanza upya. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975, vina kozi za ufundi kwa vijana waliokosa nafasi shuleni. Kwa wanaoendelea, Chuo Kikuu cha Ardhi na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam hufundisha ngazi za juu za ujenzi na usanifu.

Kuhusu kazi, majengo ya umma kama madarasa na zahanati hujengwa mara nyingi kwa utaratibu wa force akaunti unaowatumia mafundi wa eneo husika, na cheti humsaidia fundi kuonyesha ujuzi wake. Anayetaka kuwa mkandarasi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, kwa kuanzia madaraja ya chini. Wabunifu na wahandisi wana bodi zao. Baraza la Taifa la Ujenzi huandaa pia mafunzo ya muda mfupi kwa wanataaluma wa sekta.

Kupima aliyejifunza

Mtihani wa maandishi hautoshi. Mwanafunzi apewe nyumba asiyoijua na saa mbili. Aeleze unyevu unatoka wapi, aonyeshe mstari wa DPC ulipo au ulipokosekana, apime upana wa paa na kusema kama unatosha kwa upande huo wa jua, ataje mianya yote aliyoiona gizani, na apange matengenezo kwa mpangilio wa gharama, kuanzia yale yanayoweza kufanywa kwa fedha ndogo. Mpangilio huo ndio kipimo chenyewe. Fundi aliyeelewa hataanza na plasta mpya juu ya ukuta unaolowa. Ataanza na mtaro na kibaraza, kisha wavu wa juu ya ukuta, kisha dari, na rangi itakuja mwisho.

Mwishoni mwa kila kazi fundi amwachie mwenye nyumba karatasi moja yenye mambo matatu ya kutunza: udongo usipandishwe juu ya DPC, gata lisafishwe kabla ya Novemba, na wavu uliotoboka ushonwe siku ile ile unapoonekana.